Kuunda bendi ya soul ya zamani: kutoka chumba cha mazoezi hadi jukwaani

Kijana wa leo ukimtajia R&B atawaza waimbaji wa miaka ya 1990 na midundo ya kompyuta. Mwongozo huu unamhusu babu wa R&B hiyo: muziki ambao Wamarekani weusi waliupiga tangu Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha hadi mwaka 1968 hivi. Watu sita au wanane chumba kimoja, ngoma, besi, gitaa, kinanda, tarumbeta na saksafoni, na mbele yao mwimbaji aliyefundwa kuimba na kanisa. Kadiri damu ya kanisa ilivyozidi kuingia, watu wakauita soul.

Mimi napiga besi katika bendi ya aina hiyo, na tulianza vibaya. Mwaka wa kwanza mzima tulihangaika kutafuta vyombo vya zamani na mashati ya kola pana, na bado tulisikika kama bendi ya ukumbi wa harusi inayojaribu kitu. Siku tulipoanza kujiuliza wale wazee waliacha kupiga nini, ndipo muziki ulipokaa sawa. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inarudi kwenye swali hilo.

Hatua ya 1: Chagua mji na miaka

Jarida la muziki la Marekani, Billboard, lilianza kutumia jina la rhythm and blues (ndiyo hiyo R&B) kwenye orodha zake mwaka 1949, badala ya jina la awali lililoziita nyimbo hizo "rekodi za mbari". Jina ni moja, lakini chini yake kuna muziki wa miji mbalimbali, na kila mji una lafudhi yake. Bendi inayochanganya lafudhi zote usiku wa kwanza hukosa sura.

Kuna Louis Jordan na kundi lake dogo la Tympany Five, waliotamba miaka ya 1940 wakati bendi kubwa za watu kumi na watano zilipokuwa ghali kuziendesha. Huo ni muziki wa kuruka, wa kuchekesha, saksafoni ndiyo mwenye nyumba. Kuna New Orleans, katika studio ya Cosimo Matassa, ambako Fats Domino alirekodi Desemba 1949 na Little Richard mwaka 1955: piano inabingirika na ngoma za Earl Palmer zinasukuma. Kuna Detroit, ambako Berry Gordy alianzisha kampuni yake ya rekodi mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa familia, akanunua nyumba ya kawaida barabara ya West Grand na kugeuza gereji kuwa studio. Kuna Muscle Shoals, mji mdogo wa Alabama. Na kuna Memphis.

Ushauri wangu kwa bendi changa ni Memphis, kati ya 1962 na 1967. Detroit inavutia zaidi masikioni, lakini ukiichunguza utakuta matari, vibrafoni, magitaa mawili matatu, wakati mwingine violini, vyote juu ya wimbo mmoja. Huwezi kuibeba kwa watu saba. Memphis ilijengwa na watu wachache. Jim Stewart na dada yake Estelle Axton walikodi sinema iliyofungwa, barabara ya East McLemore, wakaifanya studio mwaka 1960. Mwaka uliofuata wakaunganisha herufi za majina yao na kuiita kampuni Stax. Sakafu ya sinema ilibaki na mteremko wake, na miaka ya mwanzo walirekodi kwa chaneli moja tu. Maana yake ni kwamba kila ulichosikia kilipigwa kwa pamoja, mara moja, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo.

Hatua ya 2: Sikiliza chombo kisicho chako

Tengeneza orodha ya nyimbo kumi na mbili, si zaidi. Weka humo wimbo usio na mwimbaji wa Booker T. & the M.G.'s, "Green Onions" wa 1962, kwa sababu unaonyesha mifupa ya muziki bila nyama: ogani, gitaa, besi, ngoma, basi. Booker T. Jones alikuwa na umri wa miaka 17 alipourekodi. Ongeza Otis Redding mbili tatu, Sam & Dave, Wilson Pickett, Ray Charles wa miaka ya 1950, Ruth Brown, Aretha Franklin wa 1967.

Halafu mpe kila mwanabendi kazi ya kusikiliza chombo ambacho si chake. Mpiga besi aandike kwenye karatasi anachofanya mpiga gitaa ubeti wa kwanza, wa pili, kwenye kiitikio. Mpiga gitaa aandike tarumbeta zinaingia wapi na zinanyamaza wapi. Mkikutana, kila mtu asome karatasi yake. Kwetu zoezi hili lilimaliza ubishi wa miezi. Mpiga gitaa wetu aligundua kwamba katika wimbo mmoja alioupenda sana gitaa halipigi chochote kwa sekunde ishirini nzima, na yeye alikuwa amejaza pale kila mara.

Hatua ya 3: Watu

Idadi ninayoipendekeza ni saba: ngoma, besi, gitaa moja, kinanda, tarumbeta moja, saksafoni moja ya tena (tenor), mwimbaji. Ukipata saksafoni ya baritoni, mkumbatie anayeipiga. Sauti yake nzito ndiyo inayoifanya safu ya vipulizo isikike kubwa kuliko ilivyo. Waitikiaji wawili wanaweza kuja baadaye. Mwanzoni wapigaji wenyewe waitikie.

Wapulizaji ndio wagumu kupatikana. Kwa huku kwetu nisingeanzia kwenye vyuo vya muziki. Nenda kwenye bendi za polisi na jeshi, kwenye vikundi vya matarumbeta vya Walutheri, kwa Jeshi la Wokovu, na kwa wale vijana wanaopuliza kwenye msafara wa bibi harusi Jumamosi. Pumzi wanayo na sauti wanayo, na wamezoea kupuliza kwa pamoja. Watakachopungukiwa ni kuujua mtindo, na huo unafundishika. Jambo moja la kuwaambia mapema ni kwamba pesa haitakuwapo miezi mitatu ya kwanza. Nauli ilipe. Mtu akishatembea kwa miguu kwenda mazoezini mara mbili, mara ya tatu haji.

Usimchague mtu kwa wepesi wa vidole. Mpiga ngoma aliyetulia ana thamani kuliko bingwa wa mbwembwe, na kiongozi wa bendi lazima awe na moyo wa kumwambia bingwa huyo apunguze.

Hatua ya 4: Ngoma na besi, wiki mbili wakiwa peke yao

Hapa ndipo nitakapokaa sana, maana bendi nyingi hufia hapa.

Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inalia kwenye mbili na nne. Kila mtu anajua hilo. Siri ya Memphis ni kwamba sneya ile inachelewa kidogo. Si kuchelewa kwa mtu aliyelala. Ni kuchelewa kwa mtu anayekuja kwa hatua za kujiamini kwa sababu anajua hamtaanza bila yeye. Hadithi yake ni hii. Mwaka 1965 Wilson Pickett alikuwa Stax akirekodi "In the Midnight Hour", na mtayarishaji Jerry Wexler wa kampuni ya Atlantic hakuridhika na mdundo. Akatoka chumba cha mitambo, akaanza kucheza mbele yao mtindo uliokuwa ukichezwa na vijana wa New York wakati huo, akiwaonyesha kwa mwili mahali mkazo unapoangukia. Al Jackson kwenye ngoma na Steve Cropper kwenye gitaa wakalishika, wakaliweka pigo la mbili na la nne nyuma kidogo ya mstari. Tangu hapo ukawa ndio utembeaji wao.

Namna ya kulifanyia mazoezi: weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 110 kwa dakika. Mguu wa kiki (ngoma kubwa ya mguu) na besi viende sawasawa na metronomu, bila kuchelewa hata chembe. Sneya peke yake ndiyo iegemee nyuma. Wakichelewa wote, wimbo unakuwa mzito kama gari lililokwama matopeni; akichelewa mmoja, wimbo unayumba vizuri. Rekodi kwa simu, sikiliza, rudia. Tulichukua jioni sita kulipata, na jioni ya sita tulicheka wenyewe.

Ngoma zenyewe zisilie sana. Al Jackson alijulikana kwa kuweka pochi yake juu ya sneya ili ikatike haraka. Kwetu tunatumia kipande cha kanga kilichokunjwa na kubandikwa kwa selotepu. Ndani ya kiki weka mto mdogo. Simbali moja kubwa inatosha, na isipigwe ovyo. Iache hai-hati, zile simbali mbili zinazofunguka kwa mguu, ifanye kazi. Kujaza mwishoni mwa kila mistari minne ni ugonjwa. Mruhusu mpiga ngoma kujaza mara mbili tu katika wimbo mzima, na achague mwenyewe wapi.

Upande wa besi, mwalimu wangu ni James Jamerson wa Detroit, ingawa nimetoka kusema bendi ipige Memphis. Alipiga kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, na nyuzi zake nene zilizosokotwa bapa hakuwa akizibadilisha. Nyuzi mpya zinazong'aa zinaharibu muziki huu. Kama huwezi kupata nyuzi bapa, chukua kipande cha sponji ya godoro, kiingize chini ya nyuzi karibu na mkia wa besi. Sauti itakuwa fupi, ya mviringo, kama kitu kinachoanguka juu ya zulia. Gharama yake haifiki bei ya soda. Ila usijaribu kupiga noti nyingi kama Jamerson mpaka uweze kupiga chache kama Donald "Duck" Dunn wa Stax: mstari uleule, bila kuuvunja, dakika mbili na nusu, na usichoke.

Pia mfanye mazoezi ya pigo la polepole la tatu-tatu, lile la nyimbo za kuomboleza mapenzi. Kila pigo linagawanywa mara tatu, mapigo manne, jumla kumi na mbili. Wapigaji wa huku hawana shida nalo kwa sababu ngoma zetu nyingi zimejaa tatu-tatu. Shida inakuwa kulipunguza mwendo hadi mapigo 60 hivi na kutolikimbiza.

Hatua ya 5: Gitaa na kinanda

Mpiga solo aliyelelewa na dansi atateseka. Mikono yake inataka sebene. Mweleze kwamba hapa gitaa ni sehemu ya ngoma: linakata kodi (noti kadhaa zikipigwa pamoja) fupi, kali, pamoja na sneya, kwenye mbili na nne, kisha linanyamaza. Kati ya mistari ya mwimbaji anaweza kuweka noti mbili tatu za kujibu. Hakuna vifaa vya kubadili sauti miguuni. Gitaa, waya, amplifaya.

Cropper ana funzo moja zuri kwa wanaodhani utunzi ni elimu ya juu. Utangulizi wa "In the Midnight Hour" aliufuata kwenye vidoti vya shingo ya gitaa, akishuka. Mwaka uliofuata, yeye na Eddie Floyd walipokuwa wakitunga "Knock on Wood" katika hoteli ya Lorraine mjini Memphis, alichukua utangulizi uleule akaugeuza upande. Ukizipiga hizo mbili mfululizo utaisikia.

Kinanda: ogani ya Hammond B-3 na kiti chake na pedali ina uzito wa karibu kilo 190, na nakushauri usiiote. Kinanda chochote cha kisasa chenye sauti ya ogani na ya piano ya umeme kinatosha. Mkono wa kushoto ukae mbali na noti za chini kabisa. Pale pana mwenyewe, mimi. Kwenye nyimbo za haraka shikilia kodi ndefu za ogani kwa sauti ndogo. Kwenye zile za tatu-tatu tumia piano, kodi tatu kwa kila pigo, bila mapambo. Otis Redding alipofika Stax mwaka 1962 alikuwa amemwendesha kwa gari mpiga gitaa Johnny Jenkins aliyekuja kurekodi. Kazi ya Jenkins haikwenda vizuri, muda ukabaki, dereva akaomba aimbe. Piano ya tatu-tatu kwenye wimbo alioimba, "These Arms of Mine", ilipigwa na Cropper, mpiga gitaa, kwa sababu mpiga kinanda hakuwapo. Basi, hata asiye mpiga piano anaweza.

Hatua ya 6: Vipulizo, na ugomvi wa ufunguo

Ugomvi wa kwanza mkubwa wa bendi yenu utakuwa huu. Mpiga gitaa anapenda nyimbo zipigwe kwenye ufunguo wa E na A, kwa kuwa nyuzi zake ziko wazi pale. Lakini tarumbeta na saksafoni ya tena zimeundwa kwa B bapa, na alto na baritoni kwa E bapa, yaani noti anayoisoma mpulizaji si ile inayosikika (bapa ni noti iliyoshushwa nusu hatua, kali ni iliyopandishwa). Gitaa likipiga E, mwenye tena lazima apige F kali, na mwenye baritoni C kali: alama sita za kupandisha kwa mmoja, saba kwa mwingine. Wataweza, ila watachukia, na chuki inasikika. Gitaa likipiga F, tena na tarumbeta zinapiga G, baritoni inapiga D. Kila mtu anatabasamu. "Green Onions" uko F. Kwa hiyo andika hivi ukutani: F, B bapa, E bapa kwanza, G ikibidi, E kwa nyimbo mbili tu ambazo gitaa haliwezi kuachia. Mwimbaji ndiye mwenye kauli ya mwisho, lakini mwimbaji anayetaka E mara nyingi hatambui ukimshusha E bapa.

Baada ya hapo, mwanzoni puliza noti moja wote, tarumbeta juu na tena chini oktavo moja. Usikimbilie sauti tatu. Noti moja iliyoshikwa pamoja na kuachwa pamoja ina nguvu kuliko kodi nzuri iliyokatwa ovyo. Mwisho wa noti ndio unaofichua wapulizaji wasiofanya mazoezi, kwa hiyo wakubaliane: tunaachia kwenye pigo la tatu, ulimi ndani, kimya. Sauti za pili na tatu zitafunguka kwenye mwisho wa kiitikio tu, na zitasikika kama mlango uliofunguliwa.

Otis Redding aliwapa wapulizaji mistari yao kwa kuwaimbia kwa mdomo. Fanyeni hivyo. Mwimbaji aimbe mstari, wapulizaji waimbe, ndipo washike vyombo. Tulipofuata manoti ya kupakua mtandaoni tulisikika kama wanafunzi wa mtihani.

Wapulizaji wapashe vyombo joto kabla ya kutuni. Chombo cha baridi kiko chini, kikipata moto kinapanda, na baada ya nyimbo tatu hamko pamoja. Japokuwa, kwa ajili ya kuwafariji: wimbo wa Percy Sledge wa 1966, "When a Man Loves a Woman", ulitolewa na vipulizo visivyotuni vizuri. Waliambiwa warekodi tena, wakarekodi, lakini mkanda uliokwenda kiwandani ukawa ule wa kwanza. Ulishika namba moja Marekani.

Hatua ya 7: Mwimbaji na waitikiaji

Ray Charles alichukua miundo ya nyimbo za injili akaitia maneno ya mapenzi ya duniani, na mwaka 1954 baadhi ya waumini waliona ni kufuru. Sam Cooke alikuwa nyota wa kundi la injili la Soul Stirrers kabla ya kuvuka mwaka 1957. Aretha alikulia katika kanisa la baba yake Detroit. Kwa hiyo mwimbaji wako mtafute kwenye kwaya. Mtu aliyezoea kuongoza pambio, anayetupa mstari akangoja watu wamrudishie, tayari anajua nusu ya kazi.

Nusu nyingine ni kujizuia. Aanze chini, karibu na kuongea. Ubeti wa kwanza asipige kelele hata kidogo. Akianzia juu hatakuwa na pa kwenda. Pia afahamu anachoimba. Tulipompa mwimbaji wetu kazi ya kuandika maana ya kila wimbo kwa Kiswahili chake mwenyewe, kwa ajili yake tu, uimbaji wake ulibadilika wiki ileile. Kabla ya hapo alikuwa akiimba vokali nzuri zisizo na mtu ndani.

Kuhusu kupiga kopi: sahihi kabisa mwanzoni, lakini jifunzeni kutoka kwa "Respect". Otis aliutoa mwaka 1965 ukiwa ombi la mwanamume anayerudi nyumbani. Mwaka 1967 Aretha na dada zake wakaugeuza ukawa dai la mwanamke. Kule kutaja neno herufi kwa herufi hakukuwemo kwa Otis. Na pale saksafoni ya King Curtis inapoingia, kodi zake zilichukuliwa kutoka wimbo mwingine, wa Sam & Dave. Wimbo uleule, nyumba mpya. Baada ya miezi sita na ninyi mbadilishe wimbo mmoja hivyo.

Hatua ya 8: Ratiba ya mazoezi

Wiki mbili ngoma na besi. Wiki ya tatu gitaa na kinanda wajiunge. Wapulizaji wakati huohuo wanakutana kwingine, peke yao. Wiki ya tano mwimbaji aingie, wiki ya sita wote. Nyimbo tano zikamilike kabla ya kuongeza ya sita. Nyimbo hizi zina dakika mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo saa moja ya jukwaani inameza nyimbo 18 hadi 20. Hilo huwashangaza wapigaji wa dansi, ambao nyimbo nne huwafikisha mbali. Miezi minne ni muda wa kweli wa kufika huko.

Simameni mduara, mkitazamana, kwa sauti ndogo kiasi kwamba mwimbaji anasikika bila maiki. Msiposikika vizuri bila mitambo, mitambo itaongeza tu ubaya.

James Brown alikuwa akiwatoza wapigaji wake faini kwa kila kosa, na aliwaonyesha kiasi kwa vidole katikati ya shoo huku akicheza. Sisi faini yetu ni soda ya wenzako wote, na tuliiweka kwa kosa moja tu: kupiga wakati ulipokubali kunyamaza.

Hatua ya 9: Ukumbini

Fundi mitambo wa kawaida amezoea besi inayotikisa vifua. Nenda mapema, ongea naye kwa heshima, mwombe mambo matatu: sauti ya mwimbaji iwe juu ya kila kitu, kiki isiwe kubwa kuliko sneya, na vipulizo vyote vipewe maiki moja au mbili ili wajipange wenyewe kwa kusogea. Anayepiga solo anapiga hatua mbele, akimaliza anarudi. Mwangwi mdogo tu kwenye sauti. Akikubali hayo, mnunulie chai.

Panga nyimbo kama safari. Bendi ianze peke yake bila mwimbaji, wimbo mmoja. Kisha mshereheshaji amtangaze, na bendi ikate kodi moja kwa kila sifa anayotaja. Ndivyo ilivyofunguliwa shoo ya James Brown iliyorekodiwa katika ukumbi wa Apollo, Harlem, tarehe 24 Oktoba 1962, kwa gharama zake mwenyewe baada ya kampuni yake kukataa. Nyimbo tatu za haraka bila kusimama, moja ya kati, moja ya tatu-tatu ya kulia. Usiweke mbili za polepole mfululizo kabla ya nusu ya pili.

Muwe na wimbo mmoja wa kuvuta. Ray Charles, mwishoni mwa 1958, nyimbo zilimwisha jukwaani na muda ungalipo. Akaanza kupiga kitu kwenye piano ya umeme, akawaambia wapigaji wamfuate na waitikiaji warudie anachosema. Mwaka uliofuata ukatoka kama "What'd I Say", mrefu mno hata wakaugawa pande mbili za sahani. Chagueni kodi tatu, kubalianeni ishara ya kushusha sauti, ya kuwaacha ngoma peke yake, na ya kumaliza. Hapo ndipo mpiga solo wenu aliyezuiliwa miezi minne afunguliwe kamba.

Na msidhani mnawaletea wazee wetu kitu kigeni. Dar es Salaam vijana waliupenda soul kiasi kwamba Novemba 1969 wakuu wa mkoa waliupiga marufuku. Kinshasa, Septemba 1974, James Brown na B.B. King walipanda jukwaa moja la tamasha na Franco na Tabu Ley, wiki chache kabla ya pambano la Ali na Foreman. Katika shoo yetu ya pili mzee mmoja wa miaka sabini na kitu aliinuka akacheza hatua ambazo hakuna kati yetu aliyezijua, kisha akatufuata nyuma ya jukwaa kutuambia kwamba tunapiga haraka mno. Alikuwa sahihi.

Hatua ya 10: Asubuhi baada ya shoo

Weka simu inayorekodi katikati ya ukumbi, si jukwaani. Kesho yake msikilize wote pamoja, kutoka mwanzo, bila kusimamisha. Mkiwa na kalamu, kila mtu aweke alama mahali aliposikia mwenzake anapiga kisichohitajika, na alama mbili mahali alipojisikia mwenyewe. Pima mwendo wa wimbo wa kwanza kwa metronomu. Utakuta mmeongeza mapigo kumi kwa sababu ya woga. Futeni nyimbo tatu dhaifu. Alhamisi mazoezini, anzeni tena na ngoma na besi.